Picha Ghafi ya Tunu

Usiku ule nilikwenda kulala nimenuna, na niliyemnunia alikuwa marehemu. Utasema ni utoto. Subiri kwanza nikueleze.

Tunu alikuwa rafiki yangu na mwenzangu wa kazi. Tulipiga picha za mandhari huku kwetu Singida, majabali na mashamba ya alizeti, na zaidi machweo, maana machweo ndiyo wanayoyataka wenye hoteli na watengeneza kalenda. Aliugua ghafla, akafa. Kwenye kamera yake tukakuta picha ya mwisho ambayo hakuwahi kuihariri: jua linazama nyuma ya majabali ya nyumbani kwao, yaliyotoka na ukungu kidogo. Baada ya msiba mama yake alinishika mkono akasema, "Mwanangu, hiyo ya mwisho nitengenezee, iwe kubwa, niitundike ukutani. Lakini iwe ya kwake." Nikamwambia, "Haya Mama," kama vile ni kazi ya jioni moja.

Loo! Kamera ilikuwa imeihifadhi picha ile mara mbili. Moja iliitengeneza yenyewe palepale, ikaikoleza rangi, ikaimaliza: anga la chungwa tupu kama sharubati. Nyingine ilikuwa ghafi, mwanga wote umo ndani lakini umepauka, unangoja mkono wa mtu. Tunu hakuzipenda kabisa za kamera. "Hiyo ni chai iliyotiwa sukari na mtu asiyenijua," alikuwa akisema. "Mimi nitatia mwenyewe." Kwa hiyo ile ya kamera sikuweza kumpelekea Mama. Na ile ghafi, kila nilipoishika iligeuka kuwa yangu. Nikikoleza, ni mimi. Nikipunguza, ni mimi. Miezi mizima nilitengeneza, nikafuta, nikatengeneza tena mpaka nikaanza kulichukia jua lenyewe.

Siku hiyo niliyonuna, mume wangu alichungulia begani mwangu. "Si umpe tu hiyo ya kamera? Mbona inapendeza! Mama wa watu atajuaje?"

Nikamwambia atoke chumbani. Alipotoka nikakigeukia kioo cha kompyuta, nikamsema Tunu kama yuko mbele yangu: "Kwa nini hukuimaliza mwenyewe, mvivu mkubwa wewe?" Nikaifunga kompyuta kwa kishindo, nikajifunika shuka gubigubi.

Nikajikuta uani kwa kina Tunu. Sikutembea kufika, nilikuwa nipo tu. Katikati ya ua palikuwa na beseni, na Tunu amechuchumaa anafua, amevaa kile kizibao chake cha kazi chenye mifuko mingi. Sikushtuka. Nilijua kabisa kwamba amekufa, ila jambo hilo halikuwa na uzito wowote.

Nachungulia ndani ya beseni, nakuta anafua anga. Machweo yaleyale, kitambaa kirefu chekundu, na kila anapokisugua rangi inatoka, maji yanazidi kuwa ya chungwa.

"We Tunu, acha! Unalichujisha!"

Ananipa ncha moja nishike tukamue, kama tulivyokuwa tukikamua mashuka bwenini enzi za shule. Yeye anasokota huku, mimi nasokota kule, na mimi nasokota kwa hasira, nataka rangi ibaki, nayo inazidi kutoka, inanichuruzika hadi viwikoni. Nafuta mikono kwenye gauni. Haifutiki.

Mara si uani tena. Ni kwenye duka la kuchapia picha, na watu wamepanga foleni mpaka nje. Kila mmoja ameshika picha ile, na kila picha ina rangi yake: ya waridi, ya zambarau, ya dhahabu. Wananiuliza kwa pamoja, bila kelele, "Ipi ya kwake?" Nachukua moja, naona si yenyewe. Nachukua nyingine. Zinanidondoka, watu wanazikanyaga. Mume wangu naye yumo, amekumbatia ile ya kamera na anatabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mwisho kabisa wa foleni kasimama Tunu, mikono mitupu, kama mteja yeyote.

Namwendea, namshika mkono. Una baridi ya maji ya kufulia.

"Niambie lilikuwa na rangi gani," namwambia. "Wewe ulikuwepo. Nitajie tu nimalize, Tunu. Nimechoka mimi!" Nalia, na ninachukia kwamba nalia mbele yake.

Ananitazama vilevile alivyonitazama siku ile nilipopiga picha asubuhi nzima na kifuniko cha lenzi nimekisahau.

"Sijui," anasema.

"Hujui?"

"Sikuliangalia jua."

Wallahi natamani kumzaba kofi. Miezi yote hiyo, macho yameniuma, nimegombana na mume wangu, halafu ananiambia hakuliangalia! Nainua mkono, na duka halipo, watu hawapo, tumerudi uani sisi wawili. Anga lililofuliwa limeanikwa juu yetu, jeupe, halina kitu. Tunu ananishika kichwa kwa mikono yake yenye povu, kama msusi anavyomshika mtoto mtundu, ananiinamisha.

"Mwenzangu," anasema taratibu, "huku chini kwangu hujafungua."

Chini ni giza tupu. Natega sikio, nasikia mtu anapepeta kwa ungo, chwa, chwa, chwa. Nainama zaidi nimwone anayepepeta, nainama, nainama, na nikaamka.

Kulikuwa kumeshakucha, redio ya jirani inasoma habari. Niliiwasha kompyuta hata uso sijanawa.

Sisi wapiga machweo tuna ugonjwa mmoja: ardhi tunaiua. Mteja anataka moto juu na weusi chini, basi tunampa. Kamera ya Tunu nayo ilifanya hivyohivyo. Na mimi, kila nilipoigusa picha ile, cha kwanza nilichofanya ni kulizidisha giza la chini ili anga liwake. Kulitia mwanga sijawahi, hata kwa bahati mbaya.

Nilianza na ile ya kamera. Nikapandisha mwanga wa chini, ikanitolea weusi wenye madoadoa tu. Kamera ilikuwa imeshautupa mwanga ule. Nikafungua ghafi, nikapandisha kidogokidogo.

Ukatokea ukuta. Ukatokea mlango wa jiko. Kisha kwenye kivuli cha jabali akatokea Mama, ameketi juu ya kigoda, ungo mapajani, uso ameuinua, anamcheka aliyeshika kamera. Lenzi ilikuwa imelengwa kwake yeye. Nywele zake zinaonekana unywele kwa unywele, wakati yale majabali, ambayo nilikuwa namlaumu Tunu kwa kuyapiga na ukungu, yalikuwa ya nyuma tu.

Nililia, na bado hasira ilikuwepo. "Si ungesema tangu mwanzo!" nikamwambia. "Mtu mzima unanizungusha hivi!"

Kwenye anga sikuongeza kitu. Ili Mama aonekane, ilibidi niliache lipauke, nami nikaliacha. Nilimtumia kwenye simu kabla sijaenda kuichapisha, nikakaa kitandani nangoja. Hakuchelewa kupiga.

"Mama, umeiona?"

Nikamsikia anavuta pumzi, anaiachia.

"Mtoto huyu!" akasema. "Nilimkataza asinipige picha, niko kichwa wazi, nimejifunga khanga ya jikoni. Akaniambia, 'Wala sikupigi wewe, Mama. Napiga jua.'"