Mtunza Vishikwambi

Mtunza vishikwambi wa chuo kimoja cha ualimu pale Korogwe ana mikono misafi kama ya daktari. Kila kishikwambi kinachorudishwa hukipulizia pumzi kiooni, akakisugua kwa kitambaa, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha kutafuta alama za vidole, kisha huguna kama mama aliyekuta sufuria halijaoshwa. Nailoni ya kiwandani hataki ibanduliwe. Wanachuo wa historia wamepewa vifaa hivyo wafanyie utafiti, lakini kwake kosa kubwa ni kuvitumia.

Ijumaa ile Hajira, wa mwaka wa pili, aliazima tena kilekile alichorekodia wiki iliyopita, akakuta hakina kitu. Sauti ya Mzee Bonaventura, mkata mkonge wa zamani, akisimulia walivyogoma shambani na waliopigwa, haikuwemo.

"Shikamoo. Mazungumzo yangu yako wapi?"

"Marahaba. Nilikisafisha, mwanangu. Kilijaa makelele ya watu."

"Huo ndio utafiti wenyewe. Na mzee tumemzika juzi."

"Pole sana," mtunza akasema kwa upole uleule, mkono tayari ameunyoosha. "Basi kilete nikifute, umekishika na jasho."

Hajira hakukirudisha. Alitoka nacho moja kwa moja hadi ofisi ya mkuu wa chuo, na yule mtunza akamfuata nyuma, akimsihi asikibane kwapani.