Mama Cécile Hukaa Kando Yako

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Cécile Mirindi ni jinsi anavyohamisha kiti. Ukiketi mbele yake na shida yako, yeye huinuka, hukiburuta kiti chake kuzunguka meza, kisha hukaa kando yako, bega kwa bega, mkitazama upande mmoja kama abiria wa treni.

"Mtu mwenye haya hasemi akitazamwa usoni," aliniambia.

Tabia hiyo aliipata Flandria, ule upande wa Ubelgiji unaosema Kiholanzi. Alifika huko akitokea Bukavu, akapata kazi ya kuwahudumia wazee, na chama kimoja kikamweka mwisho kabisa wa orodha yake ya wagombea udiwani, ili kujaza nafasi tu. Lakini huko mpiga kura anaweza kuchagua jina analolitaka. Wazee aliowaosha miguu, na watoto wao, walilitafuta jina lake hadi chini. Akawa diwani, baadaye mbunge katika bunge la Flandria yenyewe. Kila Jumamosi asubuhi alikaa nyuma ya duka la mikate, watu wakamletea habari za pensheni, mitaro na taa za barabarani.

Kilichomwangusha ni kituo cha basi. Aliwaahidi watu wa kijiji kimoja kibanda cha kusubiria, akakipigania, kikajengwa kizuri chenye paa la kioo. Muda si muda basi lenyewe likafutwa. Watu walikiita Ikulu ya Cécile, wakacheka, na kura zikaenda kwingine. Anaposimulia hucheka pia, ila mwishoni sauti yake hushuka.

Binti yake alipojifungua hapa Sydney, Australia, alikuja kulea mjukuu, akabaki. Sasa anafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Quakers Hill, na Jumamosi hukaa nyuma ya duka la Bi Suad, mwenyeji wa Mombasa anayeuza unga na viungo mtaani Blacktown.

"Mheshimiwa," Bi Suad humtania, "wateja wangu waja kununua unga, waondoka na serikali!"

"Basi lete chai, serikali ina kiu."

Ni hapo alipokuja Mama Irankunda, Mrundi wa Seven Hills. Mumewe, Mzee Vénérand, yumo katika nyumba hiyohiyo ya Quakers Hill. Kumbukumbu zimemtoka, lakini mkewe akimwimbia, humshika mkono. Mama Irankunda humtembelea kila siku kwa basi. Shida ni kurudi: kituo ni mlingoti tu juani, na magoti yake hayastahimili tena kusimama. Kiangazi kilipoanza alianguka pale. Mwanawe akaamua kwamba sasa atampeleka Jumapili tu, kwa gari.

"Jumapili hadi Jumapili, atanisahau," alisema Mama Irankunda. "Niahidi benchi, Mheshimiwa."

Mama Cécile alimjibu, "Kuahidi niliacha kule Ubelgiji, Mama. Lakini nitasubiri basi pamoja nawe."

Akampigia simu diwani wa kata, si kumlalamikia, bali kumwalika aje wasubiri basi. Diwani, kijana wa suti, alifika alasiri jua likiwa kali, na basi likachelewa. Alisimama, akajaribu kivuli chembamba cha mlingoti, mwishowe akaketi ukingoni mwa barabara, koti kichwani. Mama Cécile akaketi kando yake. Mama Irankunda peke yake alibaki wima, maana akiketi chini hawezi kuinuka.

"Hivi ni kila siku?" diwani aliuliza kwa Kiingereza.

"Kila siku," alijibu Mama Cécile. "Ana mume."

Wiki iliyopita baraza la madiwani lilikubali: benchi na paa. Kabla hajamwambia mtu, Mama Cécile alipiga simu kuuliza kama basi hilo litaendelea kupita. Akahakikishiwa. Kesho yake akapiga tena.

Mafundi wanakuja Jumatatu. Alama nyeupe zimekwisha kuchorwa chini, na Mama Irankunda amekwisha kusimama katikati yake na kuchagua upande wake, ule wa kulia, unaoelekea basi linakotokea. Wa kushoto ni wa Mheshimiwa. Mwana wa Mama Irankunda amesema ataona kwanza kabla ya kumruhusu mamake kupanda basi tena. Bi Suad ameshaandaa chupa ya chai.

"Mimi siahidi kitu," anasema Mama Cécile. Lakini zamu yake ya Jumatatu ameshaibadilisha.