Mtoto Niliyemkataza Kuimba

Baba yangu alikuwa Myahudi wa Aden, na kazi yake ilikuwa kushona. Alikuja Mombasa kwa meli akiwa kijana, akapanga nyumba Likoni, ng'ambo ya kisiwa, akaweka cherehani barazani. Watu wakamwita Fundi. Alishona kanzu za harusi na kanzu za Idi, na kila Ijumaa jua lilipoanza kushuka aliifunika cherehani kwa shuka, asiiguse mpaka Sabato ipite. Ukija Jumamosi na suruali yako iliyochanika, mtoto yeyote wa mtaani angekwambia, "Fundi leo yuko kwenye ibada zake, njoo kesho."

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka mitatu, simkumbuki sura. Aliyenilea ni jirani yetu, mwanamke wa Kidigo, mke wa mkulima wa minazi. Nilimwita Mama, na mpaka leo nikisema Mama ninamkusudia yeye. Alinisuka nywele, akanifundisha kukuna nazi, akanichapa nilipostahili. Alijua pia vile tusivyokula. Papa, pweza na kamba hawakuingia katika sufuria yangu, na sufuria hiyo aliitenga juu ya rafu, mtu mwingine haruhusiwi kuigusa. Sokoni alikuwa akimgeuzageuza samaki na kumuuliza mvuvi, "Huyu ana magamba sawasawa? Nina mtoto wangu wa Taurati nyumbani." Watu walicheka, naye akacheka nao.

Nilisoma kisiwani, nikavuka feri asubuhi na jioni miaka yote hiyo, kisha nikapata nafasi katika chuo cha Nairobi. Kule niliwakuta Wayahudi wengine sita. Wote walikuwa watoto wa watu waliokimbia Ulaya, wengine wamezaliwa Nairobi, wengine mashambani bara. Walikuwa weupe, wakizungumza Kiingereza na lugha za wazazi wao. Mimi nilikuwa na rangi ya baba yangu, na Kiswahili cha Mama. Ijumaa ya kwanza nilipobisha hodi katika chumba walichokutania, kijana mmoja aliyekuwa akisomea uhandisi alinifungulia akaniuliza kwa adabu kama sijapotea. Niliingia, nikaisoma kwa sauti baraka ya divai inayofungua Sabato, kwa mahadhi ya Aden kama nilivyoyasikia kwa baba. Kijana yule aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu, na baadaye akawa rafiki yangu mkubwa.

Ni yeye aliyeleta wazo la kambi. Nchi nzima, alisema, kuna watoto wetu waliotawanyika, mmoja shamba hili, wawili mji ule, hawajuani, hawajui hata sala moja. Tuwakusanye likizo ya Agosti. Wazee wa jumuiya kule Nairobi walikubali, kwa sharti moja: sisi wanafunzi tuiendeshe wenyewe, tuwajibike wenyewe. Walipouliza tutaifanyia wapi, mimi nikasema Likoni.

Tukakodi nyumba ya zamani ya makuti karibu na pwani, tukaazima mahema, na kwa mpishi nikamtaja Mama. Baba ndiye aliyetuchinjia kuku, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua kuchinja kwa sheria yetu. Siku ya kwanza Mama alipakua kuku wa nazi. Yule kijana mhandisi aliona mchuzi mweupe akashtuka, akaziinua sahani mezani moja moja. "Nyama na maziwa!" alisema. "Hamjui sheria?" Mama alinitazama, naye hakuelewa neno. Nilipomweleza kwamba sheria yetu inakataza nyama kupikwa na maziwa, alijifuta mikono, akachukua nazi, akaipasua mbele yake, akaikuna, akalikamua tui mkononi. "Mwambie ng'ombe wangu huyu hapa," akasema. "Malisho yake ni juu ya mnazi." Watoto walicheka hata wakasahau njaa, na kijana akaomba radhi, akala sahani mbili.

Mwaka ule tulijifunza mambo mengi. Tulijifunza kumbembeleza mtoto anayelilia mamake, kugawa zamu za kazi bila ugomvi, kusimama mbele ya watoto thelathini na kusikilizwa. Yule kijana alinifundisha kusema hadharani. "Usiseme 'nafikiri,'" alikuwa akiniambia. "Sema 'tutafanya.' Kiongozi akisitasita, watoto wanaogopa." Nilikuwa na sauti ndogo. Nilifanya mazoezi ufukweni, peke yangu, nikiyapigia kelele mawimbi. Mwaka wa pili wenzangu wakanichagua kuwa mkuu wa kambi.

Naona nieleze nilivyokuwa wakati ule, si kwa kujitetea. Nilikuwa mweusi kuliko wenzangu wote, binti wa mshonaji, na sasa watoto wa matajiri walikuwa wakisimama wima nikiingia. Barua kutoka Nairobi zilikuja kwa jina langu. Niliogopa mno kwamba siku moja mtu angesema, hii si kambi ya Wayahudi, hii ni kambi ya Waswahili. Hakuna aliyewahi kusema hivyo. Nilikuwa nikiyasikia kichwani mwangu mwenyewe.

Mwaka huo Mama alikuja kazini na mjukuu wake, msichana wa miaka minane. Mamake alikuwa akiuguza mume, hivyo mtoto alishinda na bibi yake jikoni. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makubwa, na mwepesi wa kushika. Watoto wetu waliimba nyimbo za Kiebrania kila siku baada ya chakula, naye akiwa kwenye kibaraza cha jikoni alizidaka zote. Hakujua maana hata ya neno moja, lakini matamshi yake yalikuwa safi kuliko ya wengi, kwa kuwa sauti za kooni za lugha ile alikwishazizoea chuoni kwake alikosoma Kurani. Wasichana wetu wakampenda. Wakawa wanamwendea nyuma ya jikoni, wanaimba naye, wanasukana nywele.

Siku ya mwisho ilikuwa na igizo: wana wa Israeli wanavyovuka bahari, na msichana mmoja anatangulia akiimba, wengine wakimwitikia. Mzee mmoja wa kamati ya jumuiya alikuwa anakuja kutoka Nairobi kutazama. Siku mbili kabla, msichana wetu wa kuimba akashikwa na homa kali, akapelekwa hospitali kisiwani. Kesho yake asubuhi wasichana wote walinijia wakiwa wameshikana mikono.

"Mwalimu," mkubwa wao akasema, "yule mtoto wa jikoni anaujua wimbo wote."

Niliwaambia nitafikiri. Wao wakachukulia kwamba nimekubali. Wakampeleka mazoezini, na habari ikamfikia baba barazani kwake, naye bila kuniuliza akakata kitambaa cheupe akamshonea mtoto gauni. Nilipofika nyumbani adhuhuri nikalikuta limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi, lina ukanda wa buluu kiunoni.

Nililitazama gauni lile nikaingiwa na hofu. Nilimwona yule mzee wa kamati ameketi mbele, anauliza mtoto huyu ni wa familia gani, na mimi namjibu kwamba ni mjukuu wa mpishi, Muislamu wa hapa Likoni. Nikaona barua zinaacha kuja kwa jina langu. Nikarudi kambini mbio.

Mama alikuwa akimenya mihogo. Mtoto alikuwa kando yake.

"Mama, nina neno," nikasema.

"Sema, mwanangu."

"Lile igizo la kesho. Mtoto asiimbe."

Kisu kikasimama. "Kuna nini? Amekosa adabu?"

"La. Ni kamati. Wana kanuni zao, wanaotoka mbele wawe watoto wetu tu."

Kamati haikuwa na kanuni kama hiyo. Nilisema kwa sauti ile ile niliyoifanyia mazoezi ufukweni, bila kusitasita. Mama alikuwa amenijua tangu sijaota meno yote, na nadhani aliujua uongo ule ulipokuwa bado kinywani.

"Haya," akasema. "Kanuni ni kanuni." Akamgeukia mjukuu wake. "Umesikia, mwanangu? Kalete maji."

Mtoto alichukua ndoo akaenda. Hakulia. Mpaka leo natamani angelilia.

Jioni baba aliliona gauni bado limetundikwa, akaniuliza, nikamwambia. Alilishusha, akalikunja mara nne kwa uangalifu wa mtu wa kazi yake. "Mimi nimeishi mji huu miaka yote hii," akasema kwa Kiarabu, lugha aliyoitumia alipoumia. "Hakuna hata siku moja aliyeniambia, sala yako hii kaisalie mbali." Usiku ule hatukula pamoja.

Igizo likafanyika. Wimbo aliuimba msichana mwingine, kwa shida, maneno yakimpotea. Na katikati, nyuma ya jikoni, sauti ndogo ikamsaidia. Nadhani mtoto hakukusudia. Wimbo ulikuwa umemjaa, ukatoka. Yule mzee wa kamati, mtu mpole mwenye miwani mizito, akageuka kusikiliza.

"Mtoto gani huyo?" akaniuliza. "Ana sauti nzuri. Mbona haimbi na wenzake?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kulirudisha neno langu. Ilitosha kusema, ngoja nikamwite.

"Ana haya," nikajibu.

Mama alimaliza kazi yake mpaka siku ya mwisho. Chakula hakikupungua chumvi wala hakikuchelewa. Alinisalimu asubuhi na jioni. Ila hakuniita tena mwanangu. "Mwalimu, sukari imekwisha." "Mwalimu, kuni zimeletwa." Mara ya kwanza nilidhani ananitania mbele ya watu. Mara ya tatu nilitoka nje nikasimama nyuma ya mahema mpaka nikaweza kurudi. Siku tunayoondoka nilimwendea nyumbani kwake. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, lakini alikuwa na wageni, na feri ilikuwa ikinisubiri pamoja na watoto. Nikasema nitamwomba radhi Disemba. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniombea safari njema.

Novemba, mvua zilipokuwa zikinyesha, ilinifikia barua ya baba. Mama alishikwa na homa ya mapafu, akaugua siku sita, akafariki. Baba alikuwa miongoni mwa waliokwenda mazikoni, akasimama nyuma wakati wanaume wakimsalia, kisha akakaa matangani siku zote tatu akiwa ameifunika cherehani.

Nilirudi Disemba. Binti yake, mamake yule mtoto, alinikaribisha, akanipa kahawa. Nilimwambia kila kitu, kwamba kamati haikusema lolote, kwamba ni mimi. Alisikiliza akiwa ameinamia mapaja yake.

"Mama alijua," akasema. "Wallahi hakukulaumu. Alisema, mtoto wangu amekwenda kwao, na mtu akienda kwao humuiti kwa nguvu."

Nikamwambia kwetu ni hapa. Akakijaza tena kikombe changu. Nikaomba kumwona mtoto. Aliitwa, akatoka, akaniamkia kwa heshima na kusimama mbali kidogo. Nilimuuliza kama bado anaimba. Akatikisa kichwa. Nilimpa lile gauni jeupe, akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia ndani. Sikuwahi kumwona amelivaa.

Chuoni niliwakusanya wenzangu sita nikawasimulia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa. Yule kijana mhandisi akasema, "Mimi ndiye niliyekufundisha usisitesite." Nikamwambia hapana, hilo si lake. Mwaka uliofuata tukaifungua kambi kwa watoto wa Likoni wote waliotaka kuja kucheza na kujifunza kuogelea, na yule mzee wa kamati aliridhia kwa mistari miwili tu ya barua. Walikuja wengi. Wengine nilikuwa nimewabeba mgongoni walipokuwa wachanga. Mjukuu wa Mama hakuja.

Lakini watoto wetu wenyewe walikuwa wakipungua. Uhuru ulikuwa unakaribia, na pwani watu walikuwa wakibishana kila baraza kama mwambao utakuwa wa Kenya au utajitenga, na kule bara wazazi walikuwa wakiuza mashamba. Familia moja ikaenda Uingereza, nyingine Israeli, nyingine Afrika Kusini. Kambi ya mwisho ilikuwa na watoto kumi na mmoja. Tuliyakunja mahema mchana wa Jumapili, sufuria tukazigawa kwa majirani, na nikawapeleka watoto stesheni kupanda gari la moshi. Yule kijana mhandisi alikwenda nao. Alishuka akanishika mkono, akapanda tena. Aliniandikia kwa miaka michache kutoka ng'ambo, kisha barua zikakoma.

Baba naye akaondoka. Kaka yake alikuwa amefika Israeli na alimtaka. Alinisihi tufuatane, nikakataa, naye hakunilazimisha. Cherehani alimwachia kijana wa mtaani aliyekuwa amemfundisha kazi. Majirani walimsindikiza mpaka bandarini, na mwanamume mmoja mzima, aliyeshonewa na baba kanzu yake ya kwanza ya madrasa, alilia hadharani bila kujificha.

Bendera ilipobadilishwa nilikuwa mwalimu Changamwe, katika shule ya watoto wa wafanyakazi wa reli na bandari. Siku ile niliwapanga watoto mia mbili uwanjani, wa kila kabila na dini. Waliimba vizuri. Watu walinipongeza kwa jinsi nilivyowaongoza, nami nikawashukuru, kisha nikaingia darasani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye deski la mtoto, nikimkumbuka yule mmoja niliyemkataza kuimba.