Mkia wa Ndege Mbele ya Macho ya Mama

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo sichoki kuisimulia. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa, nami nimesimama katika karakana yangu nyuma ya nyumba, hapa hapa Kisangani, katika komine ya Tshopo, nikikung'uta vumbi kwenye turubai. Chini ya turubai hilo kulikuwa na mkia wa ndege. Ndege ya kweli, ya alumini, ya kukaliwa na watu wawili, niliyokuwa nikiijenga kwa mikono hii.

Usicheke. Nilikuwa nimerudi kutoka Ubelgiji na diploma ya ufundi wa ndege, niliyoisomea huku nikiosha vyombo hotelini. Hakuna mkubwa yeyote aliyenishika mkono. Wenzangu walirudi na suti. Mimi nilirudi na sanduku la vifaa. Kama yupo mwingine Kisangani aliyewahi kukunja bati la alumini likakaa laini kama ganda la yai, sijamwona, na nimemtafuta.

Lakini mama yangu alikuwa hajauona mkia huo. Mama, mwuza samaki kutoka Yanonge, kando ya mto, aliishi kwangu wakati huo, na macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alituambia wazi kwamba hayatarudi. Kila mara aliniomba aone kazi yangu, na kila mara nilimwambia angoje. Katika ukoo wetu wa watu wa mto, mtumbwi unaochongwa hauoneshwi watu wa nyumbani mpaka siku ya kushushwa majini. Babu aliufunika wake kwa majani ya migomba. Nami nilitaka mama aione ndege nzima, yenye mabawa na injini, jina lake mama limeandikwa ubavuni.

Tonton Faustin, mdogo wake mama, alinikuta hapo na pindo la turubai mkononi.

"Weye iko unangoja nini?" akaniuliza.

"Nangoja ndege iishe, Tonton."

"Injini uko nayo?"

"Bado."

"Mabawa?"

"Bado."

"Bon. Siku ile yote itafika, mama yako ataona na nini? Na diploma yako?"

Nikarudi kukung'uta turubai. Ndipo akalainisha sauti. "Mama haiko anangoja avion, mutoto wa dada. Iko anangoja weye."

Nilikwenda kumshika mama mkono, nikamleta karakanani, nikalivuta turubai. Jua la mlangoni likaipiga alumini, ikang'aa. Mama akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa bati. Akauzunguka mkia polepole, akiupapasa kama anavyopapasa kichwa cha mjukuu. Nikamchezeshea usukani wa nyuma, kulia na kushoto, nikamweleza kwamba huo ndio unaoigeuza ndege.

"Kumbe! Sawa vile mutu wa nyuma mu pirogue," akasema, akimaanisha mpiga kasia wa nyuma anayeuelekeza mtumbwi. Halafu akanigeukia. "Na kichwa yake iko wapi, papa? Ulikula?"

Ndivyo mama zetu wanavyowaita wana wao wa kiume, papa. Tonton alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

Zilikuwa zimebaki riveti chache, vile vijiti vifupi vya alumini vinavyofunga bati mbili pamoja. Mmoja hugonga kwa nje, mwingine hubana kipande cha chuma kwa ndani, mahali asipoweza kuona, akiongozwa na kiganja tu. Nilipomweleza mama hivyo, akanyoosha mkono. "Lete hiyo chuma."

Tonton alipinga, mimi nikampa. Akauingiza mkono ndani ya mkia, akabana. Nikagonga.

"Polepole! Haiko ngoma!" akanifokea kutoka upande wa pili.

Nilipopima, riveti ilikuwa imelala sawasawa, na katika kupima simhurumii hata mama yangu. Tukazimaliza zote.

Kabla mvua kubwa hazijaanza, macho yake yalikuwa yamezimika kabisa. Alikaa mbele ya nyumba akiwasimulia majirani jinsi mkia ule ulivyong'aa kama tumbo la samaki mbichi. Jirani mmoja akamtania kwamba mwanawe amejenga mkia usio na ndege. Mama akamjibu, "Miye niliona. Weye uko na macho, uliona nini?"

Ndege ilikamilika baadaye sana, mama hayupo tena. Watu wengi waliipiga picha, nami nilisimama mbele yake nimetunisha kifua, kwa nini nisisimame?

Basi, mwanangu, kazi yako ikiwa bado nusu, wafunulie waliokulea. Usiwawekee siku ya sherehe ambayo hujui kama wataifikia. Wakicheka, cheka nao. Wakitaka kushika chombo, wape washike. Mungu ayatie nguvu mikono yako, akukamilishie ulichokianza, na awaache wakupendao wakae karibu nawe kwa muda mrefu, macho yao yakiwa wazi.