Nyangumi Waliofika Kamere

Siku zote Kamere, kitongoji chetu cha wavuvi, ilinuka samaki. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilikupokea mara tu uliposhuka kutoka barabarani, ikakaa kwenye sweta za shule na hata kwenye daftari. Mwaka ule ziwa la Naivasha lilipofungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaane, harufu hiyo ilikatika, na mahali pake pakabaki moshi wa kuni mbichi chini ya sufuria ya uji mwepesi usio na sukari. Baba yetu alikuwa mvuvi, hakujua kazi nyingine. Mama alikuwa ametoka tu kuachishwa kazi katika shamba moja la maua. Nyumbani tulikuwa watoto watatu: dada yangu Akinyi, mwenye miaka kumi na mitatu, mimi niliyekuwa na tisa, na mtoto mchanga ambaye alinyonya akalia, akanyonya tena akalia, kwa sababu maziwa ya Mama yalikuwa yameanza kukauka.

Jumamosi moja, mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Chebet, aliazima projekta, akatundika shuka ukutani katika kanisa letu la mabati na kutuonyesha filamu ya watu wanaopinga uvuvi wa nyangumi. Ilikuwa kwa Kiingereza, naye akatutafsiria akishindana na ngurumo ya jenereta. Tuliona bahari ya kijivu, meli ndefu yenye mzinga wa kurusha chusa, ule mkuki wa kuwindia nyangumi, na kiboti cha mpira kilichobeba watu wanne waliolowa chapachapa, wakijiweka katikati ya chusa na nyangumi. Chusa kilipita juu ya vichwa vyao. Maji yakawa mekundu. Mwanamke mmoja kwenye kile kiboti aliziba uso kwa glovu zake. Akinyi peke yake ndiye aliyenyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hivyo walishindwa?"

"Siku hiyo walishindwa," Mwalimu Chebet akajibu. "Lakini walirudi."

Akinyi alilibeba jibu hilo hadi nyumbani kama mtu aliyebeba maji bila kifuniko. Wote wawili tulijua kwamba Baba alikuwa na wavu wenye matundu madogo, ule uliokatazwa, na kwamba alikuwa akiingia ziwani kisirisiri kulipokucha, kwenye mafunjo ambako samaki walikuwa wakitaga mayai. Jumatatu Akinyi aliniamsha tukamfuata Baba. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na mahali fulani viboko walikuwa wakikoroma. Aliniachia viatu vyake, akaingia ziwani na sare ya shule hadi maji yakamfika kifuani, akasimama mbele ya mtumbwi.

"Toka hapo, Akinyi. Kuna viboko," Baba alisema kwa sauti ya chini.

"Rudi nyumbani, Baba. Ukiwamaliza hawa, ziwa likifunguliwa utavua nini?"

"Wewe umeona filamu." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Wale watu wa kwenye filamu walikuwa wamekula."

Akinyi alishika mtumbwi kwa mikono miwili. Baba alingoja kidogo, kisha akaibandua mikono yake kidole baada ya kidole, taratibu, akamsukuma kando na kupiga kasia. Hakugeuka. Mimi nilisimama nchi kavu nikiwa nimekumbatia viatu.

Baba alirudi na samaki wa ukubwa wa kidole, wengine bado wana mayai tumboni. Mama aliwapika bila kuuliza chochote. Akinyi alikataa kula siku hiyo na siku iliyofuata. Siku ya tatu alianguka akitoka kuchota maji, na jioni akavuta sahani, akala, machozi yakimdondokea mle mle. Baba aliinuka akatoka nje. Baada ya wiki mbili alikamatwa akiwa na ule wavu, na kabla hajaachiliwa, Akinyi alikuwa ameacha shule na kwenda kupalilia mashamba ya watu. Hakurudi darasani tena.

Sasa mimi ni mwalimu huku Nakuru, naishi mtaa wa Rhonda na nina watoto wawili. Ziwa limefurika, limefunika kanisa na ile nyumba yetu, na Baba tumeshamzika. Nilidhani umri ungenisaidia kumhukumu, lakini nikiwatazama wanangu najua kwamba ningefanya alichofanya. Mwaka jana nilimwambia Akinyi hivyo, tukiwa kwake tunachambua mboga.

"Baba nilimsamehe zamani," alisema. "Lakini wewe, ungeingia majini tukawa wawili, nafikiri angerudi."

Aliendelea kuchambua mboga. Mimi nilibaki nimeshika fungu langu la mboga, kama nilivyoshika viatu vyake siku ile.