Sumaya, Giga Tano na Roho Mkononi

Jumamosi asubuhi mtaa wa Jabe umetulia. Maduka yamefungwa na watu wako kwenye kazi za jamii na majembe yao. Sumaya Hamimu, aliyepewa ruhusa na mkuu wa mtaa asiende, ameketi mbele ya kompyuta akitafuna kucha. Kazi zikiisha, maduka saba ya dawa yatafunguliwa kwa pamoja, na yote yanategemea seva anayoitunza.

Seva hiyo ndiyo inayoendesha programu ya kuuzia dawa. Kabla ya kuiwasha programu, Sumaya lazima aiambie itumie kumbukumbu kiasi gani. Akikosea, inakwama, na maduka yote yanakwama nayo.

Alishakosea. Alipima Jumamosi kama hii, akaona programu inakula kumbukumbu kidogo, akaipa giga mbili.

"Mi niliona inatosha kabisa," anasema. "Kumbe nilipima muji ukiwa umelala! Samedi asubuhi nani ananunua dawa? Kila mutu anafyeka majani."

Jumatatu watu walipomiminika, programu ilikwama. Marguerite, bibi mwenye kisukari, alisubiri insulini yake kwenye benchi hadi akaanguka. Alipona, lakini mwenye maduka, Melchior, alimwambia Sumaya waziwazi: ikikwama tena, atafute kazi kwingine.

Mwenzake Audace anataka aipe programu giga saba, kati ya nane za mashine nzima. "Tuipe zote saba, bwana, tupumue!"

"Apana, Audace. Ukimpa mpangaji vyumba vyote, mwenye nyumba atalala wapi? Mashine yenyewe ikikosa nafasi, itaiua programu."

Haraka haraka haina baraka, ni kweli, ila maduka hayamsubiri. Anaandika giga tano. "Bismillahi," ananong'ona, na kuiwasha upya.

Maduka yanafunguliwa. Kwenye skrini mstari wa kumbukumbu inayotumika unapanda: mbili, tatu, nne. Nne na nusu. Sumaya anafumba macho, jamani, nami nashindwa kuandika. Kisha programu inafagia takataka zake yenyewe, yaani data isiyoihitaji tena, na mstari unashuka.

"Alhamdulillahi!"

Simu inaita. Ni Melchior. "Watu ni wengi, lakini inaenda," anasema, na kukata. Hakumsifu, ila hakumfukuza.

Sumaya hashangilii. Anachotamani ni mashine ya pili, hata kuukuu, ya kujaribia.

"Pale nitakosea nitakavyo," anasema, akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nikikosea hapa, mutu anaanguka."