Barua ya Kipa Isiyo na Sahihi

Wiki iliyopita nilikuwa ofisi ya michezo mjini Singida nikisubiri tangazo. Akaingia mama mmoja kutoka Ihanja, mkononi ana barua ya penseli isiyo na sahihi. Alisema iliandikwa na marehemu kaka yake, yule kipa wa timu ya mkoa. Kijiji chao cha ujamaa kilitaka kuitundika ukumbini, lakini wengine walidai si yake.

Afisa akaisoma, akatupitishia mimi na karani wake tuisome, akatikisa kichwa. "Mama, bila sahihi nitathibitishaje?"

"Una chochote alichoandika mwenyewe?" mama akauliza.

Afisa akatoa daftari la timu, ambamo kabla ya kila safari wachezaji waliandika kwa mikono yao jina na kijiji. Akafunika majina kwa karatasi. Mama akapitisha kidole polepole, mstari kwa mstari, akasimama. "Huyu." Afisa akafunua: ndiye. Akajaribu ukurasa mwingine. "Huyu hapa." Ndiye tena.

"Kumbe unasoma vizuri!"

"Sijui kusoma, ndugu yangu. Kisomo cha watu wazima nimeanza juzi. Barua nilisomewa na jirani. Mimi nilikuwa naitazama tu, miaka yote hii. Ona mkia wa hii herufi, anauvuta chini kama anaburuta jembe."

Afisa akainama, akalinganisha barua na daftari. Kisha akaandika uthibitisho, akagonga muhuri, akasimama na kumrudishia barua kwa mikono miwili.

Wasomi mle ofisini tulikuwa watatu. Sote tuliisoma barua ile mara moja, tukadhani tumeiona.